Atesuneti au kwinini? Hukumu ya muuguzi aliyezitumia zote mbili Tanga

Nimezitumia dawa hizi mbili katika wodi ya watoto hapa mkoani Tanga, kwinini kwa miaka mingi na atesuneti mpaka nilipostaafu. Kila nikiulizwa ningetaka mjukuu wangu apewe ipi akilazwa na malaria kali, jibu langu ni lilelile: atesuneti ya sindano, bila kusita. Sababu ninazo mbili. Moja ni ya mikono yangu, yaani kazi nilivyoiona ikienda usiku na mchana. Ya pili ni hesabu iliyopigwa na watu wengine, na hiyo ndiyo kubwa. Binti wa jirani yangu hapa Ngamiani ndiye aliyenitia hamu ya kuandika. Alinijia na uso wa hofu akaniuliza, "Shangazi, hivi ni kweli kuna hospitali wanawapigia kura watoto wetu, huyu apewe dawa hii na yule dawa ile?" Ni kweli, mwanangu. Na kura hiyo isingepigwa, leo nisingekuwa na haki ya kuisifia dawa yoyote mbele za watu.

Nianze na kwinini, na niitendee haki. Imeokoa watu tangu kabla babu zetu hawajazaliwa. Sisi wa Tanga tuna undugu nayo pia, maana Wajerumani waliupanda mti wa sinkona, ambao magome yake ndiyo yanayotoa kwinini, kule Amani kwenye milima ya Usambara. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia dawa ya askari wao ikawa inatengenezwa hukohuko. Nilipoanza kazi, mtoto wa malaria kali alikuwa mtoto wa kwinini, hakuna mjadala.

Shida yake ni namna inavyotaka kutolewa. Chukua mtoto wa kilo 10. Dozi ya kwanza ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo miligramu 200, unazichanganya kwenye mililita 100 za maji ya glukosi na kuzipitisha polepole kwa saa 4. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, hiyo inakuja kama matone 8 kwa dakika. Manane tu. Unasimama kichwani kwa mtoto, saa mkononi, macho kwenye kile kichumba cha plastiki chini ya chupa. Tone linavimba, linaning'inia, linaanguka, unahesabu. Dakika inaisha una 11, unakaza kigurudumu kidogo. Unahesabu tena, una 5. Unalegeza. Ukiyapata manane unakwenda kitanda cha pili. Huku nyuma mtoto anakunja mkono, matone yanasimama. Mama anamgeuza amnyonyeshe, matone yanakimbia. Yakikimbia ni hatari, kwa sababu kwinini ikiingia mshipani kwa kasi hushusha presha na kuvuruga mapigo ya moyo. Dozi hiyo ikiisha bado hujamaliza: inatakiwa nusu yake kila baada ya saa 8, tena kwa dripu, tena kwa kuhesabu, mpaka mtoto aweze kumeza. Sasa ifikirie wodi hiyo msimu wa masika, watoto wawili wawili kitanda kimoja, wauguzi wachache wa zamu, umeme umekatika na tochi ndiyo taa.

Halafu kuna sukari. Kwinini huichochea kongosho imwage insulini, ambayo hushusha sukari ya damu, na mtoto wa malaria kali sukari yake tayari iko chini kwa sababu hajala na vimelea vinaitumia hiyohiyo kidogo aliyonayo. Unamkuta amelala kimya saa tisa za usiku. Je, ni usingizi, ni malaria imepanda kichwani, au sukari imeshuka? Vijiti vya kupimia vikiwa vimekwisha unabaki kukisia na kumpa glukosi. Watoto wakubwa waliojua kujieleza walituambia masikio yanavuma. Wadogo walilia tu. Na pale ambapo dripu haikupatikana tulichoma pajani, sindano inayouma kweli, na wapo waliorudi na jipu palepale ilipoingia.

Atesuneti ilipokuja, kazi ilibadilika siku hiyohiyo. Ndani ya boksi kuna kichupa chenye unga mweupe, miligramu 60, na kichupa kidogo cha kioo cha kuvunja shingo chenye mililita 1 ya maji ya sodiamu bikaboneti. Unayavuta yale maji kwa bomba la sindano, unayaingiza kwenye unga, unatikisa. Yanatoka povu na ukungu, unaendelea kutikisa dakika mbili tatu, mpaka dawa inakuwa angavu kabisa, unaona kidole chako upande wa pili. Ikibaki na ukungu, unaitupa. Kisha unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi kama unachoma mshipani, na sasa kila mililita ina miligramu 10. Mtoto wetu wa kilo 10 anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 30, mililita 3. Unachoma taratibu, dakika moja hivi, umemaliza. Saa 12 baadaye unarudia, saa 24 unarudia, halafu mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza. Hakuna matone ya kuhesabu. Usipoupata mshipa unachoma pajani, ila hapo maji ya chumvi unayoongeza ni mililita 2, ili dawa iwe kidogo zaidi. Mchanganyiko haukai: utumike ndani ya saa moja. Dawa tuliyoletewa ilikuwa ya kiwanda cha Guilin Pharmaceutical cha China, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2010.

Ina masharti yake, na wazazi wengi hawaambiwi. La kwanza, sindano peke yake haimalizi ugonjwa. Mtoto akishaweza kumeza lazima apewe dawa mseto, dozi kamili ya siku tatu, hata kama anacheza na anadai uji. Nimewaona akina mama wakiziacha zile tembe dirishani kwa sababu mtoto "amepona". La pili, kuna watoto ambao wiki moja mpaka nne baada ya atesuneti damu yao hushuka, kwa sababu chembe nyekundu zilizokuwa na vimelea huvunjika baadaye. Ndiyo maana mtoto aliyetibiwa malaria kali arudishwe apimwe wingi wa damu, na mama akiona macho na viganja vyeupe, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi, asingoje tarehe ya kliniki. La tatu ni la watu wote: dawa za ukoo huu zinaanza kuchoka mahali pengine, na huku kwetu vimelea vyenye mabadiliko ya usugu vimeshaonekana mkoani Kagera. Anayemeza nusu dozi anavisaidia.

Hayo yote ni ya mikono yangu. Na kama ningeishia hapo, mtu mwenye akili angeniambia: Mama, wewe unaisifia kwa sababu imekupunguzia kazi. Angekuwa na haki. Dawa rahisi kutoa si lazima iwe dawa inayookoa zaidi. Nilipata kuuliza wenzangu, enzi tunabadilisha, kama wanaona watoto wanakufa wachache zaidi. Mmoja aliapa kuwa ndiyo. Mwingine aliapa kuwa hakuna tofauti. Wote wawili walikuwa wauguzi wazuri, wa wodi moja, wenye macho.

Huku pwani yetu, Tanga mpaka Bagamoyo, wazee walishika kwamba mtoto wa degedege asichomwe sindano, akichomwa anakufa. Tulikuwa tunagombana na mabibi mlangoni kwa ajili ya hilo. Lakini hawakuwa wanazua. Mtoto akianza kutupa mikono na kugeuza macho alipelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa, akafungwa hirizi, na akiletwa hospitali alikuwa ameshachoka kabisa. Tunachoma sindano, baada ya nusu saa anakata roho. Bibi ameona nini? Ameona sindano, kisha ameona kifo. Akarudi kijijini na ushahidi wa macho yake mwenyewe. Waliochomwa mapema wakapona hawakuhesabiwa na mtu. Na sisi wenye sare nyeupe tulikuwa tunafanya hesabu ya namna hiyohiyo kila siku: tulikumbuka mtoto aliyeinuka, tukasahau zamu iliyokuwa mbaya.

Ndipo kura inapoingia. Nyumbani tulipokuwa wadogo, nyama ikigawanywa mafungu, mmoja wetu aligeuza mgongo, mama akaligusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Yule asiyeona akataja jina. Hakuna aliyeweza kulalamika, kwa sababu aliyetaja hakuona na aliyegusa hakuchagua. Kura ya hospitalini inafanya kazi hiyohiyo. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, dawa mpya atampa mtoto aliye taabani zaidi akitumaini muujiza, au atampa aliye na nafuu asije akaiharibia jina. Kwa vyovyote, makundi mawili hayatafanana tangu mwanzo, na mwisho hujui ni dawa iliyofanya kazi au ni uchaguzi wake. Ukilinganisha mwaka jana wa kwinini na mwaka huu wa atesuneti, nao una mvua zake, vyandarua vyake, barabara zake. Kura ikipigwa kwa haki na watoto wakiwa wengi, waliochelewa kufika, waliotoka kwa mganga, wenye damu kidogo na wenye degedege wanagawanyika karibu sawasawa pande zote mbili, hata yale ambayo hukujua kuyauliza.

Jambo hili lina umri. Mwaka 1948 Waingereza walichapisha jaribio la dawa ya streptomisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu, mtaalamu wa hesabu akiwa Austin Bradford Hill, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu. Dawa ilikuwa haba, haiwatoshi wote, ikaamuliwa kura igawe. Katika wagonjwa 55 waliopata dawa walikufa 4 ndani ya miezi sita. Katika 52 waliolazwa kitandani bila dawa, kama ilivyokuwa desturi, walikufa 14.

Sasa kwinini na atesuneti. Mwaka 2005 lilitoka jaribio la Asia, wagonjwa 1,461, wengi wao watu wazima. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 22, waliopewa atesuneti asilimia 15. Ungedhani mambo yameisha. Hayakuisha kwetu, kwa sababu malaria kali ya mtoto wa Afrika haiendi kama ya mtu mzima wa Asia: huyu wetu anaingia kwenye degedege na upungufu wa damu haraka, na mara nyingi anakufa au anainuka ndani ya siku moja mbili. Kwa hiyo kuanzia Oktoba 2005 hadi Julai 2010 likafanyika jaribio lililoitwa AQUAMAT, katika vituo 11 vya nchi 9 za Afrika: Msumbiji, Gambia, Ghana, Kenya, Nigeria, Uganda, Rwanda, Kongo na kwetu. Na kwetu maana yake ni kwetu hasa. Vituo viwili vya Tanzania vilikuwa mkoa huu wa Tanga, Korogwe na Hospitali Teule ya Muheza. Ukipanda daladala Tanga mjini asubuhi, machungwa ya Muheza unayanunua dirishani kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo dunia ilipopata jibu lake.

Watoto 5,425 wenye malaria kali walipigiwa kura. Katika 2,713 waliopewa kwinini walikufa 297, asilimia 10.9. Katika 2,712 waliopewa atesuneti walikufa 230, asilimia 8.5. Waliozama kwenye koma baada ya kulazwa, walioshikwa na degedege wakiwa wodini na waliopungukiwa sukari ya damu walikuwa wachache zaidi upande wa atesuneti. Watoto waliobaki na ulemavu wa ubongo mwezi mmoja baadaye hawakutofautiana kwa namna ya kutegemewa. Hilo nalo nalisema, kwa sababu anayesifia dawa aseme na pale isipozidi. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwishoni mwa 2010, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaelekeza atesuneti iwe dawa ya kwanza kwa watoto wote wenye malaria kali.

Itazame vizuri hiyo tofauti. Ni watoto wawili na kitu katika mia. Ukipiga hesabu, ukiwatibu watoto kama 41 kwa atesuneti mahali pa kwinini, mmoja zaidi anarudi nyumbani. Muuguzi gani anaweza kumwona huyo mmoja? Wiki moja wanakufa watatu, wiki nyingine hafi hata mmoja, na dawa ni ileile. Yule mwenzangu aliyeapa kuwa hakuna tofauti hakuwa mzembe. Tofauti hiyo haionekani ukiwa umesimama wodini, hata ukisimama maisha yako yote ya kazi. Inaonekana kwa kuwahesabu watoto maelfu waliogawanywa kwa haki. Na watoto wawili katika mia, kwa mikoa yote na nchi zote zenye malaria, ni shule nzima nzima zilizojaa.

Hospitali hiyohiyo ya Muheza ilishiriki jaribio jingine ambalo hunigusa zaidi, maana jibu lake lilikwenda kinyume na watu walivyotazamia. Lilihusu maji. Mtoto mwenye homa kali, mikono ya baridi, mapigo hafifu, anapumua kwa shida au amelegea: Ulaya na Marekani ilikuwa kawaida kumpa maji mengi ya mshipani kwa mkupuo, ndani ya saa moja. Mantiki yake inaeleweka na mtu yeyote: mzunguko wa damu umelegea, ujaze. Wengi walidhani watoto wa Afrika wanakufa kwa kukosa mkupuo huo. Jaribio hilo, FEAST, likafanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na hiyo moja ya Tanzania. Kura iliwagawa watoto 3,141 makundi matatu: mkupuo wa maji ya albumini (protini ya damu), mkupuo wa maji ya chumvi, na kundi lisilopewa mkupuo, lililopata maji ya kawaida ya kumshikilia. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya kundi la kwanza, asilimia 10.5 ya kundi la pili, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa mkupuo.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa waliopewa mkupuo walionekana kupata nafuu upesi zaidi katika saa ile ya kwanza. Mikono ilipata joto. Mapigo yalirudi. Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda angeandika kwenye faili "anaendelea vizuri" na angekuwa ameandika alichokiona. Kifo kilikuja baadaye, saa ambayo hakuna angekihusisha na yale maji. Bila kundi la tatu pembeni, tungewasifia wataalamu na kuagiza chupa zaidi.

Niliweke wazi kabla mama mmoja hajaogopa dripu zote: watoto wenye kuharisha na kutapika, wenye utapiamlo mkali na walioungua hawakuwamo kwenye jaribio hilo. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha anahitaji maji, na ayapate haraka.

Sasa yule binti akaniuliza swali ambalo ni haki yake: "Na wale waliopewa maji, Shangazi, nao si watoto wa watu?" Ni watoto wa watu, na inaniuma. Jibu nililompa ni kwamba siku ya kwanza hakuna aliyejua. Kama kuna mtu angejua, kura ingekuwa dhambi. Kwa ajili hiyo kila jaribio la namna hii huwa na kamati huru inayoyatazama matokeo kazi ikiendelea, watu ambao hawahusiki na kutibu. Kamati ya FEAST iliyaona mapema na Januari 2011 ikasimamisha kuandikisha watoto, wakati mpango ulikuwa kufika 3,600. Jaribio lisingefanyika, mkupuo ungeenea hospitali kwa hospitali kwa nia njema, bila kamati ya kusema acheni, na bila mtu wa kuhesabu.

Si lazima kura impate mgonjwa mmoja mmoja, wala kitu kinacholinganishwa si lazima kiwe dawa. Jaribio la E-MOTIVE, lililochapishwa 2023, lilizipigia kura hospitali zenyewe, 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kuhusu kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Huwezi kumwambia mkunga atumie njia mpya kitanda cha kulia na ya zamani kitanda cha kushoto, atachanganya tu. Hospitali zilizopata njia mpya zilimtandikia mama plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, damu ikaonekana ni mililita ngapi badala ya kukisiwa kwa jicho, na ikifika kiwango cha hatari mkunga anafanya yote kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa za kuubana, tranezamiki (dawa ya kusaidia damu isiendelee kuvuja), maji ya mshipani, kukagua na kumwita mkubwa wake. Hakuna hata kimoja hapo kilichokuwa kigeni. Lakini waliopatwa na madhara makubwa, yaani kuvuja damu lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo au kufa, walikuwa asilimia 1.6 huku upande wa mazoea wakiwa 4.3. Wanawake zaidi ya 210,000. Plastiki ile ningependa kuiona kila chumba cha uzazi cha mkoa huu.

Basi kama ni kuipima huduma yenyewe, yaani kushiriki jaribio kama mzazi, maoni yangu ni kwamba inafaa, na ina kasoro moja ninayoidai irekebishwe. Faida ya mzazi si kwamba mtoto wake anapata dawa bora, maana bora haijajulikana. Faida ni kwamba anaangaliwa: vipimo kwa saa zake, jina lake kwenye orodha ya mtu anayelazimika kujibu, na akirudi nyumbani anatafutwa. Kundi la mazoea linapata tiba ileile ambayo hospitali ingempa hata bila jaribio. Kukataa ni ruhusa na mtoto atatibiwa vilevile. Kutoka katikati ni ruhusa. Hapa nchini jaribio halianzi bila kibali cha maadili, kinachotolewa na kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na likihusu dawa linapita pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mama ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi, ni vitu gani vinalinganishwa, kwa nini hawajui jibu bado, nani atalipia matibabu mtoto akidhurika, na namba ya simu ya kumpigia usiku ni ipi. Nakala ya fomu ni yake, aikunje aiweke kwenye kadi ya kliniki.

Kasoro ni ridhaa. Katika hospitali ambayo sitaitaja nilimsikia kijana akimsomea mama fomu ya kurasa nyingi kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, Kiswahili cha ofisini tupu, na mama macho yako kwa mtoto anayehema. Alipewa kalamu akaweka alama. Hiyo siiiti ridhaa. Mama wa mtoto mahututi hawezi kusikiliza kurasa, na mtoto hawezi kungoja zisomwe. FEAST walilitafutia njia: kwa hali ya dharura mzazi alielezwa kwa ufupi kwa mdomo na kuulizwa kama anakubali, kisha mtoto alipotulia akaelezwa yote kwa utulivu na kutakiwa ridhaa ya maandishi. Naiunga mkono njia hiyo, kwa sharti kwamba mazungumzo ya pili yafanyike kweli, na anayeyafanya awe muuguzi anayejua kusema "tutapiga kura kwa sababu hatujui" bila kuona haya.

Na matokeo yarudi. Matokeo ya Muheza na Korogwe yalisomwa Geneva na London, lakini hapa Tanga mjini nimekutana na wazazi wengi wasiojua kuwa watoto wa mkoa wao walisaidia kubadilisha tiba ya malaria kali duniani. Wangejua, yule binti asingekuja kwangu na hofu ile. Mwezi huu nimemwandikia mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu nasi nikiomba ubao wa matangazo wa kliniki ya watoto utengewe nafasi: jaribio lilihusu nini, watoto wangapi, jibu lilikuwa lipi, kwa maneno ambayo mama anaweza kuyasoma akiwa kwenye foleni ya mizani. Maandishi ya bango la kwanza, la atesuneti, nimeshayaambatanisha na barua, na nimejitolea kukaa pale asubuhi za kliniki kuwajibu watakaouliza.